Daftari la Hospitali Limekwenda Wapi?

Shangazi yangu wa Tanga ana presha na kisukari. Mwaka jana alikuja Dar es Salaam kumtazama mjukuu wake aliyejifungua, akanogewa na mji, wiki mbili zikawa sita, dawa zikamwishia. Nikampeleka hospitali iliyo karibu na kwangu. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu zake, alimpa shikamoo kwanza, ndipo akauliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Ile nyeupe ndogo ya asubuhi," shangazi akajibu bila wasiwasi, "na ile ndefu ya baada ya kula. Kulikuwa na ya pinki pia, wakaniachisha."

"Walikuachisha kwa nini?"

"Hayo wanayajua wao, mwanangu. Yamo kwenye kompyuta yao."

Kompyuta yao ilikuwa Tanga, zaidi ya kilometa 300 kutoka pale tulipokaa. Kijana akaanza upya: damu, mkojo, moyo, na maswali yaleyale ambayo shangazi ameulizwa miaka nenda miaka rudi. Tulilipa, tukaandikiwa dawa, tukaenda zetu. Jioni nilipompigia binti yake ndipo nikajua kwamba ile ya pinki iliachishwa kwa sababu ilimvimbisha miguu. Nikachukua pakiti mpya nikasoma maandishi madogo. Ilikuwa dawa ileile, imetengenezwa na kampuni nyingine, safari hii nyeupe.

Simlaumu daktari. Aliuliza swali la haki akajibiwa kwa rangi.

Zamani shangazi alikuwa na daftari. Wasomaji wengi wanalijua: daftari la shule la kurasa 40, limevalishwa gazeti, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino, linakaa sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Kila ulipofika zahanati ulilitoa, tabibu akaandika tarehe, joto la mwili, malalamiko, vipimo, dawa. Mwandiko ulikuwa kama nyayo za kuku, ni kweli, lakini tabibu mwenzake aliusoma. Daftari hilo lilikuwa rekodi binafsi ya afya kwa maana kamili ya neno: mwenye ugonjwa ndiye aliyelibeba, na popote alipokwenda lilikwenda naye, iwe Korogwe, Mombasa au Muheza.

Kisha hospitali "zikaingia kwenye mfumo". Hospitali na vituo vingi vya serikali Tanzania Bara vilianza kutumia mfumo wa GoT-HoMIS, za binafsi zikanunua mifumo yake, na Kenya nako kila kaunti na kila hospitali kubwa ikaweka wa kwake. Wagonjwa wakaambiwa daftari halihitajiki tena. Leo shangazi akitoka kliniki hutoka na kadi ya plastiki yenye namba na risiti ya malipo. Anajua alilipa shilingi ngapi. Hajui presha yake ilisoma ngapi.

Hilo ndilo jambo ambalo mazungumzo kuhusu afya ya kidijitali huliruka. Teknolojia imemfaidisha sana mhasibu wa hospitali, imemfaidisha mfamasia, na imewafaidisha wanaohesabu wagonjwa wa malaria kwa mwezi. Mgonjwa mwenyewe, kwa upande wa taarifa zinazobaki mkononi mwake, amerudi nyuma. Sisemi turudi kwenye daftari. Mvua, mende na watoto wanaotafuta karatasi ya kutengenezea ndege vilimaliza historia za watu wengi. Nasema pengo limebaki, na hadi serikali na hospitali zitakapoliziba, msomaji unaweza kuliziba la kwako kwa siku moja ya Jumamosi.

Kwa nini wenye fedha walishindwa

Kabla ya kukuonyesha namna, tuitazame historia kidogo, kwa sababu inaeleza ni kitu gani hakifanyi kazi.

Mwaka 2007 ulizaa watoto wawili. Machi, Safaricom ya Kenya ilizindua M-Pesa. Oktoba, Microsoft ya Marekani ikazindua HealthVault, kabati la mtandaoni ambamo kila mtu angehifadhi historia yake ya afya bure. Mwaka uliofuata Google nao wakaja na Google Health. Ukiwauliza wataalamu wa wakati ule ni mtoto yupi angekua, wengi wangewataja hao wa Marekani, wenye fedha na wahandisi. Google Health ilifungwa Januari 1, 2012, na Google wenyewe walikiri kwamba haikuleta manufaa mapana waliyoyatarajia. HealthVault ilijikongoja hadi Novemba 20, 2019, nayo ikazimwa. M-Pesa unaijua ilipo.

Tofauti ilikuwa nini? Kabati la Microsoft lilikutaka wewe, mgonjwa, ukae chini uandike: niliugua hiki mwaka fulani, nilipewa dawa ile, kipimo kilisoma hivi. Hospitali nyingi hazikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo hakuna kilichoingia chenyewe. Mtu mzima asiye na ugonjwa hakuona sababu ya kujisumbua, na mgonjwa hasa, yule ambaye rekodi ingemfaa, hakuwa na nguvu za kuandika. Upande wa M-Pesa, ukimaliza tu kutuma, ujumbe unaingia: kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Hukuandika chochote. Mama wa sokoni ambaye hajawahi kusikia neno "kumbukumbu za kielektroniki" ana historia ya fedha zake ndani ya simu ya kitochi, na wakibishana na mteja anaifungua kama wakili anavyofungua sheria.

Australia walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2012 walianzisha rekodi ya taifa ambayo mtu alijiunga kwa hiari yake. Waliojiunga walikuwa wachache, na madaktari waliokuwa wakiingiza taarifa nao wachache. Serikali ikageuza utaratibu: kila raia afunguliwe rekodi isipokuwa atakayekataa, na mwisho wa kukataa ukawa Januari 31, 2019. Takriban watu milioni 2.5 walikataa. Waliobaki walipata rekodi, ila nyingi zilikutwa hazina kitu ndani. Kumsajili mtu ni rahisi. Kumwekea kitu cha maana ndani ya rekodi ndiko kunakotaka kazi.

Uingereza programu ya simu ya huduma ya afya ya taifa, NHS App, ilikuwapo tangu mwanzoni mwa 2019, ikitumiwa na wachache. Mwaka 2021 ikaanza kutoa cheti cha chanjo ya UVIKO-19 kwa wasafiri, na watu wakajiunga kwa mamilioni. Hawakuwa wamependa ghafla kusoma historia zao. Walitaka kupanda ndege. Kenya tuliona mfano wa aina hiyo: Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 1, 2024, watu walijisajili kupitia *147# na tovuti ya Afya Yangu kwa sababu bila hivyo bili haikulipwa. Watu hufuata kitu kinachowafungulia mlango. Rekodi ya afya peke yake, kwa mtu ambaye leo hajaugua, haifungui mlango wowote, na ndiyo maana utaahirisha kuifanya usipojilazimisha.

Ukurasa mmoja

Anza na karatasi, hata kama una simu ya bei kubwa. Chukua ukurasa mmoja, usizidi, kwa sababu daktari wa mapokezi ya dharura hana muda wa kusoma wasifu wako. Juu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, na namba za watu wawili wa kupigiwa ambao simu zao hazizimwi usiku. Chini yake, kwa herufi kubwa, andika mzio.

Nikae hapo kwenye mzio, maana ndipo watu hukosea. Watanzania na Wakenya wengi hujivunia kujua kundi la damu. Ni jambo zuri, lakini hospitali yoyote makini itakupima upya kabla ya kukuongeza damu, hata ukija na kundi lako umelichora mkononi. Kisichopimwa ni kwamba mwaka fulani ulimeza dawa ukatoka malengelenge mwili mzima. Usipolisema wewe, hakuna mashine itakayolisema. Na usiandike "nina mzio wa Septrin" ukaishia hapo. Andika "salfa". Septrin ina salfa, na SP wanayopewa wajawazito kliniki kuwakinga na malaria nayo ina salfa. Mama anayejua jina la biashara tu anaweza kuikataa ya kwanza akaimeza ya pili. Eleza pia mwili ulifanya nini, kwani kichefuchefu si sawa na kuvimba koo.

Baada ya mzio yafuate magonjwa ya kudumu na mwaka yalipogundulika: presha, kisukari, pumu, selimundu, kifafa, moyo, figo. Kisha dawa. Dawa iandikwe kwa jina lake la asili, lile dogo lililo chini ya jina la kampuni kwenye pakiti, pamoja na miligramu na mara ngapi kwa siku. Rangi na umbo visahau, hubadilika kila hospitali inapobadilisha muuzaji. Shangazi yangu ni shahidi. Ongeza mstari ambao karibu kila mtu huusahau: dawa zilizoachishwa, na sababu. Mstari huo mmoja ungetuokolea fedha zetu siku ile, na miguu ya mama wa watu.

Upasuaji uliofanyiwa, na mwaka. Kwa mama, idadi ya ujauzito na kama kuna aliyezaliwa kwa upasuaji. Kisha vipimo vya mwisho vya ugonjwa ulio nao, si vyote ulivyowahi kupimwa tangu dunia iumbwe: mgonjwa wa kisukari aweke sukari na figo, wa presha aweke presha na figo, wa selimundu aweke kiwango cha damu cha siku akiwa mzima, ili daktari ajue ameshuka kutoka wapi.

Vipimo viandikwe na vizio vyake. Hospitali zetu nyingi hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Mashine nyingine za nyumbani, hasa zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani, husoma miligramu kwa desilita. Namba moja ni mara 18 ya nyingine. Sukari ya 7 na sukari ya 126 ni kitu kilekile. Ukiandika "126" bila kizio, muuguzi aliyezoea namba ndogo atashtuka. Ukiandika "7" ukampa daktari wa Minnesota, atakuitia gari la wagonjwa. Na kwa walioko huko, tahadhari ya tarehe: Mmarekani huanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. Andika jina la mwezi kwa herufi uepukane na ubishi.

Ukurasa ukikamilika, toa nakala 3. Moja upeleke kwenye duka la vifaa vya ofisi wakupunguzie ukubwa na kuipiga laminesheni, ikae pamoja na kitambulisho. Moja ibaki nyumbani mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuielekeza. Ya tatu kaa nayo ya kusahihishia. Ukurasa huu unamtosha mwenye kiswaswadu, au kabambe kama wasemavyo Nairobi, asijione amepungukiwa.

Ukiwa na simu janja

Mwenye simu janja ana hatua ya pili. Piga picha ya kila karatasi ya hospitali siku hiyohiyo unayopewa, kabla haijatumika kufungia karanga. Iweke mezani penye mwanga wa dirisha, ukurasa mzima uonekane, jina na tarehe visikatwe. Fungua folda moja ya picha hizo tu, usiziache zikielea kati ya harusi na mpira. Zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano "2025-03-12 maabara", zitajipanga zenyewe. Kisha tuma nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe au kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo unalikumbuka neno lake la siri. Simu huibwa, huanguka chooni. Usitegemee simu peke yake.

Eksirei, CT na MRI zina mambo yake. Picha ya filamu uliyoipiga kwa simu huwa haimsaidii mtaalamu. Kinachosaidia ni ripoti iliyoandikwa na diski yenye picha zenyewe. Iombe diski hata kama hukupewa. Umeilipia.

Simu nyingi za sasa zina sehemu ya taarifa za dharura zinazosomeka bila kufungua simu. Kwenye iPhone imo ndani ya programu ya Afya. Kwenye Android tafuta sehemu ya usalama na dharura katika mipangilio. Weka humo mzio, ugonjwa mkubwa, dawa kuu na namba ya mtu wa kupigiwa. Kumbuka tu kwamba anayeweza kuisoma ni yeyote aliyeiokota simu, kwa hiyo weka yale ambayo hutaona haya dereva wa bodaboda aliyekuokota barabarani akiyasoma.

Hapo ndipo tunafika kwenye VVU. Anayetumia ARV anapaswa kumwambia daktari yeyote anayemtibu, kwa sababu baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kifafa hugongana nazo. Lakini hilo halina ulazima wa kukaa kwenye kadi ya laminesheni wala kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima. Hifadhi kadi yako ya kliniki kando, na mwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo. Vivyo hivyo kwa taarifa za afya ya akili na za uzazi.

Kadi za watoto zisitupwe mtoto akimaliza chanjo. Kadi ya kliniki ya Tanzania na kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya vitaulizwa shuleni, na mtoto akihamia Ulaya au Marekani vitaulizwa kwa ukali zaidi. Nimewaona watoto wa jamaa wakirudiwa sindano kwa kukosa karatasi. Kadi ya njano ya homa ya manjano itunze yenyewe, uwanja wa ndege haupokei picha ya simu. Na usikubali kuambiwa imeisha muda: kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, tangu Julai 11, 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Kwa wazazi wazee, watoto wachague mmoja kati yao awe mtunza faili. Watoto sita wenye nusu ya taarifa kila mmoja ni sawa na kukosa mtunzaji. Na hapa niseme neno kuhusu grupu la familia la WhatsApp. Mgonjwa akilazwa, mtu hupiga picha majibu ya maabara akayatupa kwenye grupu la watu 80 ili mchango uende haraka. Nia ni njema. Lakini jina, umri, namba ya faili na ugonjwa wa mtu vimekwenda kwa shemeji wa jirani, na havirudi. Andikeni gharama inayohitajika. Majibu yabaki kwa wanaouguza. Duka la kuchapishia nalo lina mtego wake: unamtumia kijana faili lako kwa WhatsApp, anachapisha, na faili linabaki kwenye kompyuta ya duka mpaka itakapouzwa. Simama hapo mpaka alifute, ukiona kwa macho yako.

Haki yako dirishani

Wengi hawaombi nakala kwa sababu wanadhani ni siri ya hospitali. Si hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Uganda ilitunga ya kwake 2019, Rwanda 2021. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zinampa mwenye taarifa haki ya kuzifikia na kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa. Kenya iliongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inayoweka msingi wa mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Malalamiko yasiyosikika hospitalini hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania.

Sheria ni ngao ya mwisho. Mara nyingi heshima hutosha. Wakati mzuri wa kuomba ni siku ya kuruhusiwa, kabla hujapanda gari: "Samahani dada, naomba muhtasari wa matibabu ya mgonjwa wangu na nakala ya majibu." Ukiambiwa yamo kwenye mfumo, jibu kwa upole kwamba mfumo una printa. Kama siku zimepita, nenda masjala ya hospitali na kitambulisho na namba ya faili. Kwa mgonjwa mzee au aliyezidiwa, beba barua fupi yenye sahihi au dole gumba lake la kukuruhusu. Unaweza kutozwa gharama ya nakala.

Wanaokuuliza siri zako bure

Soko la programu za afya za simu ni kubwa na lina kila aina ya muuzaji. Kabla ya kumwaga historia yako ndani ya programu yoyote, tafuta kwanza mlango wa kutokea: je, unaweza kuzitoa taarifa zako zote kwa faili moja? HealthVault ilipofungwa, waliojua kupakua walipakua. Programu isiyo na njia ya kutoa, hata iwe nzuri namna gani, usiitie kitu ambacho huna nakala yake kwingine.

Kisha jiulize anayeilipia ni nani. Programu maarufu ya kuhesabu siku za hedhi, Flo, ilituhumiwa Marekani kupeleka taarifa za watumiaji wake kwa makampuni ya nje yakiwemo Facebook na Google, na mwaka 2021 ikamalizana na tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, kwa makubaliano. Wanawake waliokuwa wakiandika humo walidhani wanaandika shajara.

Wala hospitali na makampuni makubwa hayako salama kabisa. Mwaka 2018 wadukuzi waliiba taarifa za wagonjwa milioni 1.5 wa SingHealth ya Singapore, waziri mkuu akiwa mmoja wao. Finland mwaka 2020 ilikuwa mbaya zaidi: mdukuzi aliyeiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, akiwataka walipe euro 200 la sivyo aanike waliyomwambia mshauri wao. Kituo kikafilisika, na mdukuzi akafungwa. Ninayataja haya ili usije ukaambiwa kwamba mfumo wa kidijitali hauvuji. Daftari lilivuja pia, ila lilivuja mtu mmoja mmoja.

Kinachopaswa kudaiwa

Nchi ambayo mimi hupenda kuitolea mfano ni Estonia. Tangu 2008 hospitali zao huingiza taarifa kwenye mfumo mmoja wa taifa. Mgonjwa akifungua rekodi yake anaona pia ni nani aliyeifungua, na lini. Muuguzi mdadisi aliyechungulia faili la jirani yake hawezi kusema hakuchungulia. Naipenda sehemu hiyo kuliko mengine yote, kwa sababu inamfanya mgonjwa awe mlinzi.

Mifumo yetu haizungumzi. Wa Tanga hauujui wa Dar es Salaam, wa kaunti haujui wa hospitali ya rufaa. Ipo lugha ya pamoja ya kompyuta za hospitali inayoitwa FHIR, na ndiyo iliyowezesha Apple mwaka 2018 kuanza kuzileta rekodi za hospitali za Marekani moja kwa moja kwenye simu ya mgonjwa. Serikali zetu zinapotangaza zabuni za mifumo ya hospitali, zinaweza kuweka sharti kwamba asiyeizungumza lugha hiyo asiombe.

Lakini dai langu ni dogo kuliko hilo, na halihitaji simu janja. Nataka mgonjwa akimaliza dirisha la dawa, simu yake ilie. Presha yako leo 150 kwa 92. Umepewa amlodipini miligramu 5, mara moja kwa siku, siku 30. Rudi tarehe fulani. Hospitali zinazotuma ujumbe wa namba ya malipo kwa dakika moja zinaweza kutuma huo. Ujumbe huo unapaswa kwenda kwa yule anayeomba tu, kwa sababu si kila simu ya nyumbani ina mkono mmoja, lakini anayeomba asikose.

Shangazi amerudi Tanga na kadi yake ya laminesheni. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mjukuu wake, unasema ile dawa ya pinki isirudiwe, na umetaja jina lake la asili na sababu. Safari ijayo ukifika dirishani, uliza: "Haya majibu mnaweza kunitumia kwenye simu?" Ukijibiwa hapana, andika kwenye sanduku la maoni kwamba uliomba, na uweke tarehe.